Kutoa Mimba: Kanisa Limefundisha Nini, Sheria Yasema Nini

Jambo hili husemwa kwa kunong'ona. Ukunda, Diani, Msambweni hata Lunga Lunga utalisikia kisimani na sokoni, lakini kanisani ni nadra, na likitajwa huwa ni kwa kulaani tu. Tumeonelea tulieleze wazi, kwa sababu wanaoumia ni watoto wetu, na wengi wanaumia kwa kutojua.

Tuanze na imani. Wako wanaosema Wakristo walianza kukataza jambo hili juzi juzi tu, eti Biblia haina amri inayolitaja kwa jina. Amri ya namna hiyo kweli haimo. Lakini Wakristo wa kwanza hawakuwa na shaka. Waliishi chini ya dola ya Rumi, ambako baba aliweza kumkataa mtoto mchanga na kumtupa nje, na dawa za kuharibu mimba zilijulikana na kutumika. Didake, maandishi ya mafundisho ya mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ile ya pili, yanakataza yote mawili: kuharibu mimba na kumwua mtoto aliyezaliwa. Tertuliano wa Karthago, Mwafrika mwenzetu, aliandika hivyo hivyo karibu na mwaka 197. Walisoma Zaburi ya 139 na habari za Elisabeti ambaye mtoto aliruka tumboni mwake, wakaona kwamba Mungu humjua mtu kabla hajazaliwa.

Mwaka 314 mtaguso wa Ankira uliwawekea wanawake waliotoa mimba toba ya miaka kumi. Yasikika mingi. Lakini wenyewe walieleza kwamba kanuni ya zamani iliwafungia wanawake hao mlango wa kanisa mpaka saa ya kufa, na wao walitaka kupunguza ukali. Yaani tangu miaka ile Kanisa lilishika mambo mawili kwa pamoja: tendo ni dhambi, na aliyelitenda bado ana njia ya kurudi. Hilo la pili ndilo tunalolisahau.

Mahali wataalamu wa dini walipobishana ni juu ya roho: huingia lini? Augustino alitofautisha mimba iliyokwisha kuumbika na ile ambayo bado, akifuata Kutoka 21 katika tafsiri ya Kiyunani. Tomaso wa Akwino naye alifuata hesabu za Aristotle. Hawakusema kwamba mwanzoni ni halali. Walibishana kama ni uuaji kamili au ni dhambi ya namna nyingine. Papa Sixtus wa Tano aliweka adhabu moja kwa wote mwaka 1588, Gregory wa Kumi na Nne akairudisha tofauti mwaka 1591, na Pius wa Tisa akaiondoa mwaka 1869. Jirani zetu Waislamu wana mjadala unaokaribiana na huo, maana wanachuoni wao wengi huhesabu siku 120 kabla ya roho kupulizwa. Twalitaja kwa kuwa Kwale ni nyumba ya pamoja. Binti wa Kidigo na binti wa Kikamba wanalazwa wodi moja.

Juu ya kupanga uzazi makanisa yaliachana. Maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth mwaka 1930 waliuruhusu kwa masharti, Papa Paulo wa Sita akakataa njia zisizo za asili mwaka 1968. Lakini mkutano ule ule wa Lambeth ulilaani utoaji mimba, na Yohane Paulo wa Pili akarudia katazo hilo kwa nguvu mwaka 1995. Basi asikudanganye mtu kwamba kidonge cha kupanga uzazi na kutoa mimba ni kitu kimoja. Mwenye kuzuia mimba isiingie hajatoa mimba.

Sasa sheria. Kenya ilirithi sheria ya Mwingereza. Katika Kanuni ya Adhabu anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria aweza kufungwa miaka 14, mwanamke mwenyewe miaka 7, na anayetoa dawa au vifaa miaka 3. Lakini mwaka 1938 huko London daktari aitwaye Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na askari, akafanya wazi na kujipeleka kwa polisi. Mahakama ilimwachilia. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ikafuata njia hiyo: daktari anayefanya kwa nia njema kuokoa maisha au afya ya mama si mhalifu.

Katiba ya 2010 ikasema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba kutoa mimba hakuruhusiwi isipokuwa mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Neno hilo "afya" ndilo lililowafanya Maaskofu Wakatoliki na Baraza la Makanisa, NCCK, kuipinga rasimu. Kura ya tarehe 4 Agosti ikapita, na Pwani ikasema Ndio kwa wingi. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Malindi ilitoa hukumu katika kesi ya msichana wa Kilifi aliyekamatwa akiwa mgonjwa baada ya mimba kuharibika. Hukumu hiyo nayo ikakatiwa rufani. Ubishi haujaisha.

Lakini wakati wakubwa wakibishana, wadogo wanakufa. Uchunguzi wa Wizara ya Afya na wenzake ulikadiria kwamba mwaka 2012 mimba zipatazo 464,000 zilitolewa nchini, na wanawake karibu 120,000 walitibiwa kwa madhara yake. Kwetu sababu tunazijua. Ripoti ya Serikali na UNICEF ya mwaka 2006 ilikadiria kuwa wasichana kati ya 10,000 na 15,000 walikuwa wakitumiwa katika biashara ya ngono huko Malindi, Mombasa, Kilifi na Diani. Waliowatumia hawakuwa watalii peke yao; Wakenya pia, wanaume wenye wake na heshima zao. Msichana akipata mimba, wa kwanza kumhimiza "aitoe" mara nyingi ni huyo huyo mwanamume, na nauli ya kwenda kwa mganga anatoa yeye. Halafu Jumapili ni msichana anayetengwa. Sisi hatuoni haki hapo.

Mama akipata mimba iliyotunga nje ya kizazi, asicheleweshwe kwa hofu ya dini. Mimba hiyo haiwezi kukua, na mama aweza kufa. Hata wanatheolojia wakali wa Kikatoliki wanakubali kuondolewa kwa mshipa ulioharibika, kwa kuwa nia ni kuokoa uhai. Kuhusu mtoto aliyebakwa, hapa wahariri wenyewe hatukukubaliana. Baadhi yetu tunasema uhai ule hauna kosa. Wengine twauliza mwili wa mtoto wa miaka 12 ubebeshwe mzigo huo kwa amri ya nani.

Tulilokubaliana ni hili. Binti aliyebakwa afikishwe hospitali, Msambweni au Kwale, kabla ya saa 72 kwisha, asioge, na nguo zake zisifuliwe. Huko kuna dawa za kuzuia ukimwi na za kuzuia mimba isiingie. Mambo hayo yasimalizwe nyumbani na wazee kwa mbuzi na pesa, maana Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 haimtambui msuluhishi wa namna hiyo. Na mwanamke anayevuja damu, ana homa au maumivu makali ya tumbo, hata kama alikunywa dawa za kichochoroni, aende hospitali leo hii. Kumtibu si kosa kisheria. Katiba inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Amwambie mganga ukweli wa alichotumia.

Kwa Wakatoliki: kanuni za Kanisa hazimpi adhabu ya kutengwa aliye chini ya miaka 16, na tangu 2016 kila padre ana ruhusa ya kumwondolea dhambi hii anayetubu. Na kwa wazazi wa madhehebu yote: binti aliyezaa ana haki ya kurudi darasani. Sera hiyo ipo tangu 1994, ikaandikiwa mwongozo mpya 2020. Mwalimu mkuu akimkatalia, nendeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.