Land Rover Ikigongwa Nyuma, Shika Futi Kabla ya Nyundo

Dereva yeyote wa Mwanza anaijua Barabara ya Kenyatta kutoka mjini kwenda Mkuyuni, Butimba na Nyegezi. Abiria akisema "shusha", daladala inasimama hapohapo. Bodaboda anakwepa kushoto, na nyuma yake kuna mtu mwenye macho kwenye simu. Katika msururu huo ukiingiza Land Rover 109 ya miaka ya 1970, yenye breki za ngoma magurudumu yote manne na taa za nyuma ndogo zinazowaka kwa kusitasita, kuna siku utagongwa kwa nyuma. Makala hii ni ya mtu ambaye siku hiyo imemfika.

Magari haya bado yako mengi kuliko wageni wanavyodhani. Toleo la Series III lilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na likaja kurithiwa na gari ambalo leo tunaliita difenda. Difenda ya mwisho ya mtindo huo ilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 29, 2016. Hapa kwetu zile za zamani zimebaki kwenye misheni, mashule, mashamba na kwa wazee wasiotaka kusikia habari za kuuza. Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha zima la Land Rover, na bei za magari haya zilipanda vijiweni. Kwa hiyo gari ambalo miaka kumi iliyopita lingeishia kwa wauza vyuma chakavu, leo lina thamani ya kulitetea.

Tatizo la Land Rover iliyogongwa nyuma ni kwamba huwa haionyeshi maumivu. Kona moja ya bodi imekunjika, taa imevunjika, mlango wa nyuma unafunga kwa kusukumwa na goti. Fundi bodi anaangalia na kukuahidi siku mbili: kunyoosha, puti, msasa, rangi. Wakati huohuo Toyota iliyokugonga imesagika mbele yote, na watu wanaipigia saluti Land Rover. Lakini Toyota ya kisasa imeundwa ijikunje ili imeze nguvu ya kishindo. Land Rover hii haina ufundi huo. Bodi yake ni vipande vya alumini vilivyofungwa kwa bolti juu ya chesisi ya chuma, na nguvu iliyoingia nyuma imepita kwenye lile boriti la mwisho, yaani krosi memba, ikaenda moja kwa moja kwenye mihimili miwili ya chesisi. Kama ulikuwa na ndoano ya kuvutia trela na ndiyo iliyopokea kishindo, bodi inaweza kubaki safi kabisa huku chesisi ikiwa imepinda.

Dalili ya haraka iko mlangoni. Tazama pengo kati ya mlango wa dereva na bodi ya nyuma, kisha linganisha na upande wa pili. Upande mmoja ukiwa umebana, bodi ya nyuma imesukumwa mbele. Hiyo bado haikwambii kama chesisi imeguswa. Jibu utalipata kwa timazi, chaki na futi, vifaa ambavyo kila fundi mwashi anavyo na mafundi wengi wa magari hawana.

Egesha gari kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Tafuta sehemu ambazo kiwanda kiliziweka sawasawa kushoto na kulia: bolti inayoshika ncha ya mbele ya springi za mbele, na bolti ya juu ya shakeli, ile inayopita kwenye chesisi, kule nyuma kabisa. Shusha timazi kutoka kila bolti, ncha ikitulia weka alama ya chaki chini yake. Kisha sukuma gari lipishe. Sakafuni utabaki na alama nne. Pima mshazari kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia, halafu mbele kulia hadi nyuma kushoto. Tofauti ya milimita chache isikunyime usingizi, maana hata kiwandani haikuwa kazi ya sonara. Ikifika sentimita moja, chesisi imekwenda upande, na gari hilo litatembea kama kaa barabarani hata ukilipaka rangi ya dhahabu. Malizia kwa kuvuta uzi chini ya kila mhimili ili uone kama mkia umeinuka au umeshuka. Kazi yote haizidi saa moja. Fundi anayeona hii ni kupoteza muda hakufai kwa gari hili.

Ukiwa uvunguni, chukua nyundo ndogo na bisibisi. Sisi watu wa Ziwa tuna bahati moja: maji yetu hayana chumvi, kwa hiyo magari yetu hayaliwi kama ya Dar es Salaam na Tanga. Lakini krosi memba ni sanduku lenye uwazi ndani, na magurudumu yamelijaza tope kwa miaka hamsini. Tope hukaa na unyevu, na chuma huoza kuanzia ndani. Gonga taratibu: chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa sauti ya kufifia, na hapo bisibisi inazama. Ujue ukweli huo mapema, kwa sababu bima hulipa ajali, hailipi kutu.

Krosi memba iliyopinda na kuoza hainyooshwi. Inakatwa, inawekwa nyingine. Mihimili ikiwa mizima lakini imepinda kidogo, huvutwa kwa cheni bloku taratibu, kwa kufuata njia ileile ambayo nguvu iliingilia, huku ukipima kila baada ya mvuto. Ule mtindo wa kufunga mnyororo kwenye mwembe na kurusha gari mbele huhamisha pindo kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Kabla ya cheche yoyote ya kuchomelea, chomoa nyaya za betri na za altaneta. Kwenye 109 ya milango mitano, tangi la mafuta liko nyuma chini ya sakafu, kwa hiyo litoke kabisa na lipelekwe mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke.

Bodi yenyewe ndiyo kazi inayoharibiwa zaidi. Alumini ikigongwa hutanuka, na nyundo nyingi huitanua zaidi, mpaka bati linapiga kelele kila ukilibonyeza. Wengi hukimbilia gesi. Chuma kikipata moto hugeuka chekundu na kukuonya. Alumini haibadiliki rangi. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na aloi ya Land Rover huwahi zaidi, hivyo unaona bati zuri, mara tundu. Mafundi wa zamani wana njia nzuri: paka sabuni ya mche upande mmoja wa bati, pitisha moto laini upande wa pili, na sabuni ikigeuka kahawia nyeusi ondoa moto. Bati limelainika, likipoa, linyooshe kwa nyundo ya mbao. Puti isizidi milimita tatu, na chini yake iwepo praima ya alumini. Usitumie ribiti za chuma. Chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini ndiyo huliwa.

Yote haya yanahitaji fedha, na fedha inaanzia barabarani. Usiondoe gari kabla askari wa usalama barabarani hajachora mchoro, isipokuwa kama kuna hatari. Piga picha, na uihakiki bima ya aliyekugonga kwenye mfumo wa TIRA MIS wa mamlaka inayosimamia bima, TIRA. Kampuni ya bima itadai ripoti za polisi, zile PF 90, PF 93 na PF 115, kwa hiyo zifuatilie mwenyewe. Kama shingo inauma, chukua fomu ya polisi ya matibabu, PF3, uende hospitali ya Sekou Toure siku hiyohiyo. Viti vya gari hili havina pa kuegemeza kichwa, na maumivu ya shingo mara nyingi huja kesho yake.

Kisha atakuja mkadiriaji wa hasara. Atatazama mwaka wa gari, atashusha uchakavu, na huenda akasema gharama ya matengenezo inazidi thamani, kwa hiyo gari ni mfu. Usisaini siku hiyo. Mpe vipimo vya chesisi, makadirio ya gereji yaliyoandikwa kipande kwa kipande, na bei ambazo magari ya aina hiyo yanauzwa sasa. Mkishindwana, TIRA ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima kwa ajili ya kesi kama hizi.

Na wewe ambaye hujagongwa, unaponunua bima kubwa kwa ajili ya gari la zamani, tafuta mthamini aliandikie ripoti yenye picha, na thamani hiyo ikubaliwe na kampuni kwa maandishi kabla hujalipa. Baada ya ajali hakuna atakayekubali kwamba lilikuwa zuri.