Diski Imejitokeza, Halafu?

Bahasha ya kaki huwa imeshafunguliwa kabla haijamfikia daktari. Mtu ametoka Kitengela alfajiri, amepigwa MRI ya shingo Nairobi, na matatu ya kurudi haijafika Mlolongo ameshamaliza kusoma ukurasa wote: diski zimekauka, diski iliyo kati ya pingili ya tano na ya sita imejitokeza, mpindo wa kawaida wa shingo umenyooka. Wakipita Athi River, ripoti imewafikia jamaa watatu kwa WhatsApp, na mmoja ameshajibu kwamba hiyo haina dawa ila kisu. Kila neno la karatasi ile laweza kuwa kweli, na bado lisieleze kwa nini shingo ya mtu huyu inauma mwezi wa nne sasa. Mashine inaonyesha umbo, uchungu haiuoni. Umbo hilo hupata maana pale tu mwili wenyewe ulipoulizwa kwanza, kwa maneno na kwa mikono ya mtu anayejua kupima.

Ushahidi mzito zaidi juu ya hili ulitoka Japani mwaka 2015. Watafiti waliwapiga MRI ya shingo watu 1,211 wasiokuwa na tatizo lolote la shingo, kuanzia vijana wa miaka ya ishirini hadi wazee wa miaka ya sabini. Asilimia 87.6 yao walikuwa na diski iliyojitokeza, na hata miongoni mwa wale vijana walio wengi walikuwa nayo. Asilimia 5.3 walionekana ugwe wa mgongo umebanwa, nao hawakuwa na habari. Utafiti mdogo wa Marekani wa mwaka 1990, wa watu 63 wasio na dalili, uliwakuta na kasoro asilimia 14 ya walio chini ya miaka 40 na asilimia 28 ya waliozidi umri huo. Takwimu hizi mbili zimeachana sana, na sehemu ya sababu ni kwamba kila mtafiti ana mpaka wake wa kinachoitwa kasoro. Wasomaji wa picha nao hawalingani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, mwanamke wa miaka 63 mwenye maumivu ya kiuno na mguu alipigwa MRI katika vituo 10 ndani ya wiki tatu. Ripoti zile zilitaja mambo 49 tofauti, na hakuna hata moja lililotajwa na zote kumi. Huo ulikuwa mgongo wa chini, lakini sioni sababu ya kudhani shingo ingeponea. Na ule mpindo ulionyooka? Mgonjwa amelazwa chali, kichwa kimetulizwa kisitikisike; mlalo peke yake unatosha kuubadilisha.

Thamani ya picha iko katika kulinganisha. Shingo ina pingili saba na jozi nane za neva, na kila neva ina eneo lake mkononi. Diski ya kati ya pingili ya tano na ya sita kwa kawaida hubana neva ya sita, ambayo ganzi yake hushuka hadi kidole gumba na cha shahada. Inayofuata chini yake hugusa neva ya saba: ganzi kwenye kidole cha kati, na udhaifu wa kunyoosha kiwiko. Neva ya nane huenda kwenye kidole cha mwisho. Sasa chukua ripoti inayosema diski ya tano na ya sita imeelemea kushoto, mikononi mwa mshonaji wa viwanda vya nguo vya EPZ, eneo la bidhaa za kuuza nje, anayelalamikia kidole cha mwisho cha mkono wa kulia. Upande si huo, na neva si hiyo. Kumpasua kwa sababu ya diski ile ni kumshtaki jirani wa mwizi. Lakini upande, kidole na nguvu ya msuli vikikubaliana na picha, hapo ripoti imesema jambo.

Kuna atakayeuliza: basi mbona tunapigwa picha, na ni ghali namna hii? Kwa sababu yako maswali ambayo MRI huyajibu vizuri kuliko chombo kingine. Mtu aliyeanza kushindwa kufunga vifungo vya shati, anayeangusha vikombe, anayeyumba akitembea gizani au ambaye mkojo umeanza kumsumbua, huenda ugwe wake umebanwa, naye hafai kungoja. Homa, jasho la usiku na kupungua uzito huleta shaka ya kifua kikuu cha mifupa. Katika Kajiado, kaunti ya wafugaji ilimo Kitengela, ambako bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaowapata watu pia, si ugeni, kuuliza juu ya maziwa mabichi kunaweza kufaa kuliko picha ya pili. Picha inamfaa pia aliyewahi kuugua saratani, au ambaye maumivu yalianza alipoanguka na bodaboda.

Pingamizi gumu zaidi ni la mgonjwa mwenyewe: kama wazima wana diski kama yangu, mbona mimi naumwa? Ni swali la haki, na kumjibu kwamba hana kitu ni kumtukana. Misuli iliyoshinda imeinamia cherehani, viungo vidogo vya nyuma ya pingili, usingizi mbovu na hofu ya kugeuza shingo huendeleza maumivu ya kweli, na hakuna mashine ya MRI inayoyachora. Hata neva iliyobanwa kweli mara nyingi hutulia. Huko Rochester, Marekani, watu 561 wenye tatizo hilo walifuatiliwa, na mwishoni takriban asilimia 90 walikuwa hawana dalili au wanazo kidogo. Nikiri kwamba asilimia 26 yao walikuwa wamefanyiwa upasuaji. Wengi wa waliobaki walipata nafuu bila kisu. Kinachonitia shaka ni kinyozi anayemaliza kunyoa kwa kuizungusha shingo ya mteja hadi ilie. Mwenye ganzi mkononi na amkatalie.

Wengine wamependekeza ripoti zenyewe ziandike kwamba mabadiliko haya huonekana pia kwa wazima. Jambo hilo lilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa wapatao 240,000 wa mgongo wa chini, matokeo yakachapishwa mwaka 2020: matumizi ya huduma kwa ujumla hayakupungua, ingawa dawa kali za maumivu ziliandikwa kidogo chini ya awali. Sentensi iliyochapwa chini ya ukurasa imechelewa. Mahali pa kuanzia ni fomu ya kuombea picha, kwenye kile kisanduku cha historia ya mgonjwa ambacho mara nyingi huandikwa «maumivu ya shingo» tu. Msomaji wa picha akipewa «ganzi kidole cha kati kulia, wiki nane, kiwiko hakinyooki kwa nguvu», anajua aangalie neva ipi na upande upi. Mgonjwa ana haki ya kuomba kisanduku hicho kijazwe kabla hajapanda matatu ya kwenda Nairobi.