Paka Mahuluti wa Upareni

Mtu wa Same ukimwuliza paka wake ni wa aina gani, aghalabu atakutajia rangi: ni mweusi, ni wa milia, ni yule wa mabaka, na jibu hilo, hata kama lingewachekesha waamuzi wa mashindano ya paka huko Ulaya, halina upungufu mbele ya elimu, kwa kuwa paka ameishi na binadamu maelfu ya miaka pasipo kabila wala cheti cha nasaba. Katika kisiwa cha Kupro lilifukuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500, ambamo paka alizikwa karibu na mtu. Na utafiti wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wa majumbani duniani kote wametokana na kimburu, yule paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu, ambaye jamaa zake wangali wakiwinda katika nyika ya Mkomazi. Ama desturi ya kuwafungia pamoja dume na jike walioteuliwa, ili wazae sura moja daima, ilishika kasi baada ya maonyesho aliyoyaandaa Harrison Weir katika Crystal Palace, London, mwaka 1871. Basi mahuluti ndiye mwenyeji, na huyo wa cheti ni mgeni wa juzi.

Hata paka wa Afrika Mashariki aliyebahatika kupata cheo hicho, Sokoke, alikuwa paka wa vichaka vya Kilifi tu, hadi Jeni Slater alipowaokota watoto wake mwaka 1978, na baadhi ya uzao huo ukapelekwa Denmark na kuandikwa daftarini. Damu yake haikubadilika siku alipoandikwa.

Tazama uzao mmoja katika nyumba ya mlimani, Vudee au Mamba, waliolala ndani ya kikapu kikuukuu cha tangawizi kando ya meko: mmoja mweusi, mmoja wa milia mwenye alama kama herufi M pajini, na wa tatu amechanganya weusi, weupe na rangi ya chungwa. Jike huweza kupandwa na madume kadhaa katika siku chache za joto lake, hivyo watoto wa mimba moja, inayochukua kiasi cha siku 63 hadi 65, huenda wasiwe wa baba mmoja. Milia ndiyo vazi la kale. Na hata mtoto mweusi, ukimtoa juani, mara nyingi utaiona ikijitokeza kwa mbali chini ya weusi wake. Rangi ya chungwa nayo imefungamana na kromosomu X, ambayo jike anazo mbili na dume anayo moja. Na kwa kuwa kila chembe ya mwili wa jike huizima mojawapo, sehemu moja ya ngozi hutoa manyoya meusi na ya pili ya chungwa. Ndiyo maana paka wa rangi tatu karibu wote ni majike, na dume wa namna hiyo, akizuka, kwa kawaida huwa tasa.

Mchanganyiko huu una faida katika siha, kwani maradhi mengi ya kurithi hayadhihiri mpaka mtoto apate kasoro ile ile kutoka kwa wazazi wote wawili, jambo ambalo ni rahisi kutukia katika ukoo uliofungiwa kuliko katika paka wa mitaani Same. Paka wa Kiajemi, aliyebonyezwa uso kwa kuchaguliwa kizazi baada ya kizazi, hupumua kwa taabu na macho yake hayakauki machozi. Kwangu mimi huo ni udhia aliotwishwa mnyama kwa ajili ya fahari ya mwenyewe.

Walakini watu wengi hudhani kwamba paka wa kienyeji, maadamu ni imara, hahitaji kitu. Hapa ndipo ninapotofautiana nao. Paka ni mla nyama kwa maumbile: mwili wake hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, nayo haipatikani katika ugali wala mboga, na akiikosa muda mrefu macho hupofuka na moyo hudhoofu. Mpe dagaa, au vichwa vya perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu, wala usimshindishe njaa kwa kudhani atawinda zaidi, kwani aliyeshiba naye huwinda. Wala nisiwadanganye: panya shamba huzaa wastani wa watoto kumi na mmoja kwa mkupuo, kwa hiyo paka hatamaliza panya wa shamba la mahindi, atakulindia dari na ghala, na hiyo si kazi ndogo.

Mauti yake mara nyingi hutoka mikononi mwetu. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja baadhi ya sumu ambazo ng'ombe au mtu huzistahimili: kidonge kimoja cha Panadol chaweza kumwua, na dawa ya kuogeshea mifugo, akipakwa ili kumtoa viroboto, humtia mtetemeko na kifafa, hasa kwa kuwa hulamba manyoya yake mwenyewe. Fauka ya hayo, kichaa cha mbwa humpata yeye pia, na chanjo yake huanza akiwa na miezi mitatu.

Liko hata hivyo changanyiko moja nisilolisifu. Mkomazi, iliyokuwa pori la akiba tangu 1951 na kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008, imepakana na vijiji vyetu, na shume wa Kisiwani asiyehasiwa hauoni mpaka huo. Kimburu hutambulika kwa miguu mirefu, wekundu wa nyuma ya masikio, na mkia mwembamba wenye pete na ncha nyeusi. Na alama hizo hufifia anapozaana na paka wa nyumbani. Huko Scotland paka mwitu wao wamekaribia kutoweka, na sababu mojawapo ni huko huko kuzaana.

Kwa hiyo nawasihi wenye paka wa Kisiwani, Gonja na Ndungu: mwoneni bwana mifugo dume angali na miezi mitano au sita, ahasiwe kabla hajaanza kutanga, na jike afungwe kizazi panapo daktari wa kuifanya kazi hiyo. Siku ya chanjo mleteni ndani ya kikapu chenye kifuniko au gunia la katani linalopitisha hewa, msimbebe mikononi, maana mbele ya mbwa wa kijiji kizima hakuna paka mwenye subira.