Kutambua Aina za Maneno, na Namna ya Kusema "Napenda Sana" kwa Kiingereza

Mwanafunzi wa Mwanza akimwandikia rafiki aliye ng'ambo ya ziwa, huko Entebbe, naye rafiki huyo hajui Kiswahili, itampasa aandike kwa Kiingereza. Barua haina uso wala sauti; mapenzi yake yote yamo katika maneno. Kwa hiyo yafaa ajue kila neno na kazi yake.

Tutazame kwanza sentensi ya lugha yetu: "Mvuvi hodari anapenda sana ziwa." "Mvuvi" na "ziwa" ni majina. "Hodari" ni sifa, kwa kuwa lamsifu mvuvi. "Anapenda" ni kitenzi. "Sana" ni kielezi, kwa kuwa laeleza kitenzi: anapenda kwa kadiri gani? Sana.

Angalieni kwamba hatukuuliza neno lina sura gani, bali lafanya kazi gani. Katika mtumbwi, aliyepiga kasia jana aweza kutupa wavu leo, nasi twamtambua kwa kazi aliyo nayo. Maneno nayo ni vivyo hivyo. Neno "like" katika "I like fish" ni kitenzi, maana yake kupenda. Lakini katika "He swims like a fish" si kitenzi tena. Maana yake ni "kama".

Sasa tuje kwenye vielezi vya upendo. Sisi twasema "mzuri sana" na "napenda sana", neno ni lile lile. Kiingereza chatenga kazi hizo mbili. Pamoja na sifa hutumia "very", kama "very good". Pamoja na kitenzi cha kupenda hutumia "very much". Basi asemaye "I very like fish" amekosa.

Tena, sisi huweza kusema "napenda sana samaki", kielezi kikiwa katikati. Mwingereza hapendi kutenganisha kitenzi na kitu kipendwacho. Hasemi "I like very much fish", bali "I like fish very much".

Viko na vielezi vingine. "Dearly" hufuatana vema na "love": "I love my mother dearly", yaani nampenda mama kwa moyo wote. "Fondly" hufaa kwa kukumbuka: "I remember you fondly", yaani nakukumbuka kwa mapenzi. Wala msidanganywe na mwisho wa neno. "Lovely" na "friendly" zaishia kama "dearly", lakini kazi yake ni kusifu majina, kwa hiyo ni sifa.

Basi, kabla ya kuifunga barua, isomeni tena polepole, na kila neno mliulize: Wataja kitu? Wakisifu? Waonyesha tendo? Au waeleza jinsi tendo lilivyo? Likijibu sawasawa, na likiwa limekaa mahali pake, rafiki wa ng'ambo atayapokea mapenzi yenu kama mlivyoyakusudia.