Chai ya mitishamba yafaa jioni, lakini si dawa ya kila ugonjwa

WAKENYA wengi hufunga siku jinsi walivyoifungua: kwa kikombe cha chai. Majani hayo, yaliyoanza kupandwa Limuru mwaka wa 1903, yamekuwa sehemu ya ukarimu wetu, na mgeni haruhusiwi kuondoka kabla ya kuyaonja. Hata hivyo, kile kinachomchangamsha mtu asubuhi ndicho kinachoweza kumnyima usingizi usiku.

Sababu ni kafeini. Kikombe kimoja cha chai ya kawaida huwa na takribani miligramu 40 hadi 50 za kafeini, na mwili wa mtu mzima mwenye afya huchukua yapata saa tano kuondoa nusu yake. Hivyo basi, anayekunywa chai saa tatu usiku hupanda kitandani akiwa bado na kiasi kikubwa mwilini. Chai ya kijani nayo ina kafeini, kwa kuwa hutokana na mmea huo huo.

Mchaichai, tangawizi, mnanaa, rihani na choya, yaani ua jekundu ambalo Wasudani huliita karkade, havina kafeini. Ndiyo maana vinywaji vya mimea hiyo vinafaa zaidi saa za jioni, kazi zinapokwisha na mwili unapohitaji kupumzika.

Matayarisho yake si magumu. Tangawizi ni ngumu, kwa hivyo hupondwa na kuchemshwa kwa dakika kumi hivi. Majani ya mchaichai hufungwa fundo, yakatiwa sufuriani na kuchemshwa kwa muda mfupi. Mnanaa na rihani ni laini. Yatosha kuyamwagia maji ya moto na kufunika kikombe kwa dakika tano, ili mafuta yenye harufu yasipotee na mvuke.

Usiharakishe kunywa. Mwaka wa 2016, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza kuwa vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vikasababisha saratani ya umio. Kuacha kikombe kipoe kidogo ni kinga, na pia ni sehemu ya utulivu wenyewe: dakika chache za kuketi, simu ikiwa kando, bila shughuli nyingine. Ni vyema kumaliza kikombe hicho saa moja au mbili kabla ya kulala, usije ukaamshwa na haja ndogo.

Pamoja na hayo, tahadhari inahitajika. Choya huweza kushusha shinikizo la damu, nayo tangawizi nyingi huweza kutatiza kazi ya dawa za kuzuia damu kuganda. Wanaotumia dawa za maradhi hayo, pamoja na wajawazito, wamuulize daktari kwanza. Wauzaji wanaodai kuwa majani yao yanaponya kisukari au saratani wasiaminiwe, kwani mgonjwa anayeacha dawa kwa ajili ya kikombe cha majani huhatarisha maisha yake.

Anayekosa usingizi kwa majuma kadhaa aende hospitalini. Kwa wengine, kikombe cha mchaichai kisicho na sukari nyingi chatosha kuuambia mwili kwamba siku imekwisha.