Mbwa Koko Ana Ukoo Wake

Hapa Wazo mbwa koko akisimamisha masikio tu, utasikia: "Huyu ana damu ya mbwa wa polisi." Muuzaji naye hupandisha bei papo hapo. Nasema tusidanganyike. Masikio, mkia na rangi hutokana na vinasaba vichache. Haviwezi kutaja ukoo mzima.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzao walitangaza matokeo ya kupima mbwa wa vijijini Uganda: karibu wote walikuwa na asili ya hapa hapa Afrika, si machotara wa mbwa wa Ulaya.

Basi usilipie masikio. Mdai muuzaji cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Maradhi hayo, dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu daima huua.