Sekunde 20 hazimfikishi mkulima wa Magole kwenye simu yake

Mtu mzima akitembea barabarani kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, sekunde 20 zinamfikisha kama mita 28. Ndani ya jaruba la mpunga, matope yakiwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu, hapati hata nusu ya hapo. Simu yake ameiacha kwenye mkoba uliotundikwa mtini, ukingoni mwa shamba, maana akiifunga kiunoni italowa. Inaita. Anaisikia vizuri. Ananyanyuka, anafuta mikono kwenye khanga, anaanza kuifuata, na kabla hajavuka tuta la pili imeshanyamaza.

Upande wa pili, tuseme ni mjukuu wake aliyeko Dar es Salaam. Huyo amesikia mlio mara nne, kisha mashine ikapokea na kumwambia aache ujumbe wa sauti. Hana ujumbe wa kuiachia mashine. Alitaka kusema, "Shikamoo bibi," na kusikia, "Marahaba mjukuu wangu, hamjambo huko?" Anakata, lakini kwa hesabu za mtandao simu hiyo imepokelewa, na salio limepungua.

Ninaitaja Magole kwa sababu pale, kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, mkulima wa bondeni na mfanyabiashara wa barabarani wanaishi kata moja huku maisha yao na simu yakitofautiana kabisa. Mwenye duka simu iko mezani, mbele ya macho yake. Mwenye shamba simu iko mtini, au iko dukani kwa mtu inachajiwa. Yule mchungaji anayeswaga ng'ombe anaweza kuwa nayo mfukoni, lakini mkono mmoja una fimbo na macho yako kwa ndama anayeelekea kwenye mahindi ya watu. Hawa wote hupewa muda uleule wa kupokea, na muda huo haukupangwa na yeyote kati yao.

Tuanze na jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Sekunde hizo hazikai ndani ya simu. Zinakaa kwenye mitambo ya kampuni ya simu, katika kumbukumbu za laini yako. Ndiyo maana mtu anaweza kununua simu mpya, akaingiza laini ileile, na bado wapigaji wakaendelea kulalamika kwamba hapokei. Kitochi na simu janja hapo ni sawa. Ukipigiwa, mtandao unaanza kuhesabu. Hesabu ikiisha hujapokea, simu inaelekezwa kwenye namba nyingine iliyoandikwa pale, na kwa kawaida hiyo ni namba ya kisanduku cha sauti. Kama hakuna namba yoyote iliyoandikwa, simu huendelea kuita mpaka mpigaji achoke au mtandao wenyewe ukate.

Viwango vya kimataifa vya simu za GSM, ambavyo viliingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1990, vinaruhusu hesabu hiyo iwe kati ya sekunde 5 na 30, kwa kupanda tanotano. Mlio anaousikia mpigaji nao, kwa viwango hivyohivyo, ni sekunde moja ya sauti na nne za kimya. Kwa hiyo kila sekunde tano ni mlio mmoja. Sekunde 20 ni milio minne, sekunde 30 ni sita. Hiyo milio miwili ya nyongeza, kwa bibi aliyeko shambani, ni karibu mita 14 za barabara kavu.

Kuibadili hesabu hakuhitaji intaneti wala fundi. Kwanza piga *#61#, yaani nyota, reli, sitini na moja, reli. Mtandao utakujibu kama simu zisizopokelewa zinaelekezwa mahali, na namba gani. Iandike namba hiyo. Kisha piga **61*, andika namba ile, halafu *11*30#. Ile 11 inauambia mtandao kwamba unazungumzia simu za sauti, na 30 ni sekunde. Anayetaka 15 aandike 15. Asiyetaka kisanduku cha sauti kabisa apige ##61#, kielekezo kifutwe. Kuna ndugu zake wawili pia: 62 ni kwa simu iliyozimwa au isiyopatikana, 67 ni kwa simu inayotumika. Mtandao ukikataa, piga 100, huduma kwa wateja, uwaambie wakufanyie wao. Na aliyehama mtandao bila kubadili namba, jambo lililoruhusiwa nchini tangu Machi 2017, akague upya, kwa sababu mitambo inayoihudumia laini yake sasa ni mingine.

Msimamo wangu ni kwamba kwa watu wengi wa vijijini, ##61# ndiyo inayofaa kuliko zote. Kisanduku cha sauti hakijawahi kupata wapenzi kwetu, na sababu ipo. Sisi tuna bipu. Mtafiti Jonathan Donner, aliyewachunguza wenye biashara ndogo Rwanda na kuandika juu ya kanuni za kubipu mwaka 2007, alionyesha kwamba simu isiyopokelewa ni mazungumzo kamili: kuna bipu ya kuomba upigiwe, kuna ya makubaliano yaliyofanywa mapema, kuna ya kumjulia hali mtu. Kila mkulima aliyewahi kukubaliana na dereva kwamba "nikibipu mara moja ujue mzigo umeshapakiwa" anaifahamu hiyo. Bipu ni bure mradi hakuna anayepokea. Mashine ikiwahi kupokea, inakula salio la mtu ambaye pengine alikuwa na shilingi chache tu, na alizitunza kwa ajili ya hiyo bipu.

Lakini sipendi kuishia kwenye vocha, maana Magole kuna sababu nzito zaidi. Januari 2014 maji yalishuka kutoka milima ya Ukaguru, Mto Mkundi ukafurika, nyumba na mashamba ya Magole na Dumila yakazama, barabara kuu ikakatika darajani, na helikopta zikatumika kuwaokoa watu waliozingirwa na maji. Mvua ya namna hiyo hunyesha kwanza juu, upande wa Gairo na milimani. Anayeuona mto umebadilika rangi na sauti usiku ana nafasi ya kumpigia shemeji yake aliyeko chini. Aliyelala fofofo, mvua ikipiga kwenye bati, anahitaji milio mingapi hadi ashtuke, apapase gizani, apate simu? Si minne. Nayo sauti ya mashine ikiomba ujumbe saa nane za usiku haimwamshi mtu.

Hapo ndipo kielekezo hichohicho kinapogeuka kuwa msaada. Hakuna sheria inayosema simu isiyopokelewa lazima iende kwa mashine. Mzee anayeishi peke yake anaweza kuelekeza, baada ya sekunde 30, kwenye namba ya binti yake wa nyumba ya pili: **61*, namba ya binti, *11*30#. Asipoamka yeye, ataamka binti. Gharama ya kipande hicho cha pili kwa kawaida huangukia kwa aliyeelekeza, kwa hiyo laini yake iwe na salio. Wakala wa pesa kando ya barabara yeye afanye kinyume: sekunde 10, kisha iende laini ya pili, maana mteja wake hangoji. Vivyo hivyo dereva wa lori anayekatiza Hifadhi ya Mikumi, ambako twiga na tembo huvuka lami bila taarifa. Simu yake iruke upesi iende kwa utingo.

Kuna tahadhari moja, na ninaomba isomwe kwa sauti kwa wazee. Matapeli wanazijua namba hizi. Mtu akikupigia akijifanya mtumishi wa kampuni ya simu na kukuelekeza upige **21* ikifuatiwa na namba usiyoijua, anachukua simu zako zote, pamoja na ile ya kukusomea namba ya siri ya muda. Usipige. Kama umeshapiga, piga ##002#, vielekezo vyote vifutwe, kisha utume namba ya tapeli kwenda 15040.

Kampuni za simu zina wajibu hapa. Zinatutumia ujumbe wa promosheni asubuhi na jioni. Zinaweza kutuma mmoja wa Kiswahili, kwa kila laini yenye kisanduku cha sauti, ukieleza simu huita sekunde ngapi na namna ya kubadili. Hadi hapo, kazi ni ya vijana wanaorudi nyumbani mwisho wa wiki. Mwombe bibi ruhusa, shika kitochi chake, piga *#61# usome jibu. Kisha mwache aende kukaa pale anapokaa siku zote, jikoni au chini ya mwembe, umpigie kwa simu yako na uhesabu anachukua sekunde ngapi kufika.